Msumeno Usiouma

Kamwene, ndugu zangu. Mimi nafuma sweta za shule hapa Lyamkena, Makambako, nyumbani kwangu. Nasema nyumbani kwa sababu sitoki. Malori yanapita usiku na mchana kwenda Zambia, mimi hata stendi naenda kwa kusukumwa. Anayeuza sokoni ni mke wangu, Mama Tumaini. Majirani husema kwetu mke ndiye aliyeoa.

Asubuhi moja nilikuwa namalizia kola, nikaona kidoa kinang'aa kwenye uzi, kama jua lililopiga bati jipya. Nikafuta uzi. Nikafuta macho. Kidoa kikakua, kikawa upinde wenye meno ya msumeno, yanatetemeka, na ndani ya upinde hapakuwa na kitu. Si giza. Hapakuwa na kitu. Mke wangu akaingia akiwa na nusu ya uso. Nikafumba macho, msumeno ulikuwa unanisubiri humo humo.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza.

"Siumwi popote."

"Basi maliza sweta za watu."

Baada ya kama nusu saa ukapita, ukaniachia uchovu tu. Kichwa hakikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Baba yangu, kule Njombe, alipofuka bila kuumwa. Mwisho alikuwa ananitambua kwa kikohozi changu. Nikajua zamu yangu imefika. Mfumaji asiyeona atakula nini, na mwanawe atasomaje?

Msumeno ukarudi, tena na tena. Sikumwambia mtu. Nikaanza mazoezi ya upofu. Mama Tumaini akienda sokoni, najifunga mtandio wake machoni, napapasa kutoka kitandani hadi jikoni. Chumvi nikaiweka kushoto, sukari kulia. Nikawa hodari, nikajipongeza. Siku niliyojaribu kuchemsha chai nikapiga teke jiko la mkaa, birika likanimwagikia mguuni. Ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichoiva.

Mke wangu alinikuta sakafuni, mtandio usoni, akadhani tumevamiwa.

"Nani kakufunga?"

"Mimi mwenyewe."

Akakaa chini hapo hapo. Nikamweleza yote. Hakucheka, nikaogopa zaidi.

Mguu ulipopata nafuu akanipeleka hospitali, Njombe. Daktari alinipima macho na presha, akanitembeza, akaniambia nitabasamu aone kama uso umepinda. Akauliza kama msumeno unaondoka nikifumba jicho moja. Nikamjibu hauondoki hata nikifumba yote mawili.

"Basi tatizo si macho. Liko kichwani."

"Hilo mimi nilishalijua," akasema Mama Tumaini.

Daktari akaeleza kwamba ni kipandauso, kile kinacholeta mauzauza bila kichwa kuuma. Ugonjwa wa baba sina. Akanikanya nisikeshe, nisifume na njaa, na siku ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, niwahi hospitali.

Msumeno bado unakuja. Naacha uzi, nakaa. Mke wangu anaongea nami kutoka kwenye ile nusu isiyoonekana, mpaka uso wake urudi mzima. Namshukuru Mungu, na yeye pia, ingawa mtandio alininyang'anya.

Nawasihi, msingoje maumivu. Juma lililopita binti yetu Tumaini aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akaniuliza, "Baba, kwani haya meno yanayong'aa na wewe unayaona?"

Sikumuuliza anaumwa wapi. Nilivaa viatu, nikamshika mkono, nikatoka nyumbani bila kusukumwa.