Daktari Wangu wa Jumanne

Kwa miezi minne nilikwenda kwa daktari wa meno kila Jumanne, na meno yangu yote mazima. Hakuna lililotoboka, hakuna linalocheza. Nilikuwa nakwenda kuogelea.

Nalisema hilo mwanzoni ili nisije nikajipamba huko mbele. Najijua: nikiachiwa nafasi hujitetea, na nikianza kujitetea sikosi maneno. Binti yangu ana pengo upande wa kushoto, chini, mahali palipokuwa na gego la ukubwani, na pengo lile nimelitia mimi kwa ulimi wangu.

Nilimtoa skuli alipokuwa na miaka saba. Alikuwa na kigugumizi, na darasani kwake walikuwepo watoto waliomwigiza, na mwalimu aliyemsubiri amalize kusema kwa uso wa mtu anayengoja taa za barabarani. Mwisho akaacha kusema kabisa. Nikasema basi, nitamsomesha mwenyewe nyumbani. Mungu amenijaalia huyu mmoja, sitashindwa. Mume wangu alikubali nusunusu. Mama mkwe, tunayekaa naye hapa Ansab, hakukubali hata robo.

"Mwanangu, mtoto hasomeshwi na mamake," alisema. "Mama ana huruma na ana hasira, na vyote viwili vinaharibu."

Nilichukia. Nikaapa kimoyomoyo kwamba mama huyu hataniona nimechoka hata siku moja.

Na kweli hakuniona. Asubuhi ilikuwa hesabu na Kiarabu, kisha sayansi na Kiingereza, mchana Kurani, na hapo katikati Kiswahili chetu hiki kilichokuja huku Uarabuni na wazee kutoka Unguja, ambacho sikutaka kifie mikononi mwangu. Nilikuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu, mpishi na kengele. Mawifi zangu wakija kututembelea, nilikaa pembeni nikiwamiminia kahawa na kutabasamu kama mtu aliyelala akashiba usingizi.

Asubuhi moja binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alishindwa kujumlisha theluthi na robo. Mara ya kwanza nikamweleza. Mara ya pili nikamkatia chapati vipande aone kwa macho. Mara ya tatu niliuchana ukurasa wa daftari lake, nikaufinyanga, nikautupa ukutani. Hakulia. Aliinuka, akauokota, akaunyoosha juu ya goti, akaanza kuinakili ile hesabu upya kwenye ukurasa mwingine. Mimi nilikwenda bafuni nikafungua bomba, wasinisikie.

Nimo katika kundi la simu la akina mama wanaosomesha watoto nyumbani. Kila siku walikuwa wakiambiana: jitengee saa yako, jipumzishe, jitunze na wewe. Nilikuwa nikiwacheka. Niliona hayo ni maneno ya wanawake wenye kucha ndefu. Siku ile nilisoma yote mpaka chini, na mmoja wao alitaja bwawa moja la Al Khuwair, nyuma ya maofisi, ambalo Jumanne asubuhi huwa la wanawake peke yao.

Utotoni tulikuwa tukipelekwa Sidab, kando ya bahari, kwa mjomba siku za Ijumaa. Kaka zangu walijirusha majini na kupiga kelele, na sisi wasichana tulikaa juu ya mawe tumewashikia kandambili zao. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ilijulikana tu. Nimefika miaka arubaini nikiwa hodari wa kushika kandambili za watu.

Sasa kwa nini nisiseme tu kwamba nakwenda kuogelea? Kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia hukumu kabla haijatoka. Mama aliyemtoa mwanawe skuli kwa mbwembwe, akasema yeye anatosha, halafu saa nne ya asubuhi anaacha somo anakwenda kuchezea maji? Lakini meno hayana mjadala. Mtu akisema jino linamuuma, hata adui yake humpa pole. Kwa hiyo nikashika shavu, na kila mtu akanipa pole. Mume wangu alitaka aombe ruhusa kazini anipeleke, nikamwambia asijisumbue. Mama mkwe akasema atakaa na mtoto. Nilimwachia binti yangu zoezi la kufanya, nikaondoka na mkoba wenye taulo ndani.

Mwalimu wa bwawani alikuwa mwanamke wa Mwanza, mfupi, mwenye mabega mapana na subira isiyokwisha. Nilimwonea wivu ile subira kuliko hata kuogelea kwenyewe.

"Dada, jiachie," alikuwa akiniambia, mkono wake chini ya mgongo wangu. "Unakaza shingo kama umebeba ndoo. Maji hayataki ubishi."

Wiki tatu nilikunywa maji tu. Wiki ya nne aliondoa mkono bila ya kuniambia, nikabaki juu. Masikio yalikuwa ndani ya maji. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniuliza saba mara nane ni ngapi. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilipofika kwenye gari nililia, kwanza kwa furaha, halafu kwa sababu nilitambua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimemkumbuka mwanangu hata mara moja.

Na nilirudi nyumbani mtu mwingine, sitalikana hilo. Jumanne mchana nilikuwa naweza kueleza jambo mara sita bila ya sauti kupanda. Nilianza kucheka katikati ya somo. Kigugumizi chake kikapungua, wiki nyingine nzima hata hukisikii. Nikajiambia: unaona, uongo wenyewe una faida.

Siku moja aliponikumbatia alininusa shingoni. "Mama, unanuka dawa."

Ilikuwa dawa ya bwawa. "Ndiyo," nikasema, "dawa ya daktari."

"Inauma?"

"Kidogo."

"Daktari gani?"

Ukitoka kwetu kuelekea barabara kuu kuna kliniki yenye kibao cha jino kubwa jeupe linalocheka. Nikamwambia daktari wangu yumo humo. Tangu hapo kila tulipopita alilitazama lile jino mpaka lipotee, na yeye hacheki.

Mengine niliyaona na sikuyaona. Alianza kupiga mswaki mara tano kwa siku. Baada ya swala aliinua mikono yake, na nilimsikia akiomba, "Na meno ya Mama." Ilinipasa niache pale pale. Mtu mwenye haya zake angeacha. Mimi nilisema amin moyoni, nikaenda kutandika kitanda.

"Meno gani hayo yasokwisha?" mama mkwe aliniuliza wakati wa chakula. "Sisi kwetu likiuma hung'olewa, khalas."

"Daktari ana utaratibu wake, Mama," nikajibu, na hata nikaguna kidogo ili ipendeze. Binti yangu alikuwa mezani na sisi. Aliweka kijiko chini, akanitazama mdomoni.

Mwezi wa tatu wa uongo wangu alianza kula polepole. Mkate aliuchovya kwenye chai mpaka ukalainika ukakatika. Aiskrimu aliikataa. Nilijisifu kwamba nimemfundisha kujizuia na sukari. Hata kwenye lile kundi la akina mama niliandika, wakanipongeza. Mwalimu wake mimi, mpishi wake mimi, na sikujua kwamba anatafunia upande mmoja.

Jumanne moja akaamka shavu limeumuka kama andazi. Nilimuuliza tangu lini. "Ja-ja-jana," alisema, na kile kigugumizi nilichokuwa nimekizika kilikuwa kimerudi chote. Mama mkwe alimgusa paji la uso, akakuta homa.

"Mpeleke kwa huyo daktari wako," alisema. "Miezi yote hii umo mikononi mwake, atakufanyia haraka. Yallah, unangoja nini?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata dakika kumi kwa gari. Nilifikiria kuipita ile kliniki na kwenda nyingine yoyote, na nilikuwa nimeshaanza kutunga sababu, lakini binti yangu, kichwa amekiegemeza kwenye kioo, akasema, "Kwa da-daktari wako, Mama. Kama anakujua wewe, simwogopi sana." Nikaegesha chini ya jino linalocheka.

Dada wa mapokezi alituuliza kwa Kiarabu kama tuna faili. Binti yangu hasemi na watu asiowajua. Siku ile alijikaza akamjibu kwa Kiarabu safi, kile nilichomsomesha mimi.

"Mimi sina. Mama analo. Huja hapa kila Jumanne."

Dada akatabasamu, akaniuliza jina langu, akaliandika kwenye kompyuta. Akatafuta. Akaniomba kitambulisho, akatafuta tena kwa nambari. "Samahani, ukhti. Hujawahi kuja kwetu."

"Tafuta tena," binti yangu alimwambia. "Kila Jumanne."

"Mfungulie faili yeye tu," nikasema. Dada alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akainamisha kichwa, akaandika jina la mtoto. Nilihisi macho ya binti yangu shavuni mwangu, na sikugeuka. Nilisoma tangazo la dawa ya mswaki lililobandikwa ukutani, nikalirudia, nikalirudia.

Ndani, daktari alimgusa kidogo tu akapiga kelele. Alisema jipu limeshakula mzizi, na jambo kama hilo si la jana wala juzi. Mtoto huyu ana zaidi ya mwezi anaumwa. Akamuinamia. "Kwa nini hukumwambia mama?"

Binti yangu alijibu huku ameikazia macho taa ya juu. Ilimchukua muda, na mimi sikumsaidia neno hata moja.

"Mama huenda kwa daktari kila wiki na haponi. Nikaona na mimi nitakuwa hivyo hivyo. Na nilitaka apone yeye kwanza."

Jino halikuokoka. Daktari alinieleza kwa upole, na upole ule niliuchukia, kwamba hilo si jino la utoto. Limeshaota la ukubwani na halitaota jingine. Akikua anaweza kuwekewa la bandia. Nilimshika mwanangu miguu wakati anang'olewa. Alikuwa amevaa soksi zisizofanana na mimi sikuwa nimeziona.

Alasiri ile niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kila kitu. Mume wangu alitoka nje, akarudi, akasema angependa kujua mapema siku nyingine. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, na mimi nilisimama mbele yake nikingoja anikate kwa maneno.

"Kuogelea tu?" aliuliza.

"Kuogelea tu, Mama."

"Sasa nani angekukataza? Mimi si nipo? N'nakaa kutwa hapa, n'nafanya nini?" Kisha akamtazama mjukuu wake aliyelala kwenye kochi. Nilimwambia habari ya jino la bandia, akatikisa kichwa. "Jino la pembe si dawa ya pengo," alisema.

Angenitukana ningeweza kustahimili. Matusi nilikuwa nimejitayarishia miezi minne. Kumbe yule hakimu niliyekuwa namkimbia nilimtunga mwenyewe, na mtoto wangu ndiye aliyemlipia. Siku hizi bado nakwenda Jumanne. Nasimama mlangoni nasema, nakwenda kuogelea, na kila nikisema hivyo naona aibu, kwa vile ni sentensi nyepesi kiasi hicho.

Lakini kuna jambo nimeliruka. Kabla ya hayo yote, tulipotoka kwa daktari, tulikaa kwenye gari. Mdomoni alikuwa ameuma pamba na amekatazwa kusema. Sikuwasha gari. Nilimwambia sijawahi kuumwa na jino. Nilimwambia nimemdanganya yeye, babake na bibi yake. Nikataka kuendelea, nikaona naanza kujitetea, nikanyamaza.

Alinyoosha mkono kwenye mkoba wangu akatoa kalamu na kijidaftari changu cha masomo ya wiki. Akaandika, akanionyesha: *Ulikuwa wapi?*

"Bwawani. Najifunza kuogelea."

*Kwa nini hukusema?*

"Niliona haya."

*Haya ya kuogelea?*

"Ya kupumzika," nikamwambia. Aliniangalia kama mtu aliyepewa hesabu yenye makosa. Akaandika tena, safari hii polepole, na hati ilikuwa nzuri, imekaa sawasawa juu ya mstari.

*Na mengine uliyonisomesha?*

"Yapi?"

*Kwamba mwezi hauna mwanga wake. Kwamba nyangumi si samaki. Kwamba bibi mzaa bibi alikuja kutoka Unguja kwa meli. Yote.*

"Ni kweli," nikasema. "Wallahi, hayo yote ni kweli."

Alifikiri. Pamba ilikuwa imeanza kulowa damu pembeni mwa mdomo. Akageuza ukurasa, akaandika, akaniwekea kijidaftari mapajani.

*Nitamuuliza nani?*

Nilitafuta wa kumtajia. Nilikuwa nimemtoa skuli kwa mikono yangu miwili, na walimu wake wote walikuwa mimi.