Breki ya Mkono wa Kulia

Hakujapambazuka vizuri juu ya kilima cha kushukia Bustan. Japheth Anyona amesimama kando ya barabara, baiskeli yake ameilaza kwenye kokoto, viganja amevibana kwapani. Upepo unatoka baharini na unanuka mvua ya jana. Lami imelowa. Kila taa ya baiskeli inayopanda kutoka Wadi Kabir anaikodolea macho mpaka imfikie.

"Si yeye," anasema. Kisha baada ya kitambo: "Huyu pia si yeye."

Wasomaji wa nyumbani, msicheke mkiambiwa Maskati kuna baridi. Mwanzoni mwa Machi, kabla joto halijarudi kututawala, alfajiri za huku zinauma vidole, hasa vya mtu anayekwenda kasi juu ya baiskeli na glavu nyembamba. Na vidole vikifa ganzi, mtu habonyezi breki taratibu. Anaikamata kwa kiganja kizima. Hilo ndilo lililomtoa Japheth mbio mpaka huku juu.

Anamsubiri mteja wake, Rahila binti Thabit, aliyechukua baiskeli yake karakana juzi jioni. Asipomzuia kabla hajaanza kuteremka, mama huyo anaweza kuvunjika shingo. Na kama atavunjika, anasema Japheth, itakuwa ni kwa mikono yake yeye.

"Nimempigia hadi simu imechoka," anasema. "Hashiki. Akiwa barabarani hashikangi simu."

Japheth ni mzaliwa wa Nyamira, ana miaka thelathini na minane, na ufundi alijifunzia Busia, mpakani, enzi ambazo baiskeli zilikuwa zikivusha watu na magunia kutwa nzima. Huku Maskati ameajiriwa katika karakana ndogo ya Wadi Kabir, mali ya Mwomani aitwaye Loai, ambaye ndiye pia mdhamini wa kibali chake cha kukaa. Kazi ikiisha, kibali kimekwisha, na mkewe Maureen na watoto kule nyumbani wanalijua hilo kama yeye.

Baiskeli anazotengeneza sasa hazibebi magunia. Ni zile za mbio, nyembamba, nyepesi, tairi zake upana wa vidole viwili. Wenyewe hawatulii nazo. Leo wanataka gia mpya, kesho magurudumu mepesi zaidi, keshokutwa usukani mwingine. Miezi ya baridi ndiyo sikukuu yao, maana joto likishaingia, jua likichomoza tu hakuna mtu mwenye akili timamu anayekanyaga pedali.

Rahila ni mmoja wao, na ni mwenye wazimu kuwapita wengi. Ni mfamasia, mama wa watoto watatu, Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. Alipoingia karakana mara ya kwanza, Japheth alimwita "madam". Yule mama akageuka nyuma kama anayemtafuta mtu.

"Madam ndo nani hapa?" akamuuliza. "Mie Bi Rahila. Nawe sema Kiswahili, usinitie uzee."

Tangu siku hiyo hampelekei baiskeli fundi mwingine. Ndiyo maana mwezi uliopita, aliponunua fremu mpya ya kuchukua breki za diski, hizi zinazosukumwa na mafuta, alimletea Japheth. Baiskeli ya zamani alikwishampa kaka yake nzima nzima. Alicholeta ni fremu tupu na vifaa ndani ya maboksi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa kawaida, Kenya, mkono wa kulia unashika breki ya mbele na wa kushoto ya nyuma. Baiskeli zinazoingia karakana ya Wadi Kabir karibu zote ni kinyume: kushoto mbele, kulia nyuma. Japheth analijua hilo siku zote, na hajawahi kulikosea.

"Baiskeli ya mtu inakuja na breki zake," anaeleza, macho bado barabarani. "Natoa, nafunga mpya vile nimekuta. Sasa hii haikuwa na kitu. Hakuna pa kuangalizia. Mikono ikafanya ile kitu inajua."

Lakini si aliijaribu? Aliijaribu, tena kwa makini. Katika karakana yao hakuna baiskeli inayotoka bila fundi kuipanda mwenyewe. Alizunguka nayo mitaa ya Wadi Kabir, akateremka, akapanda, akapiga breki ghafla mara kadhaa. Ikatii vizuri mno. Akarudi akitabasamu, akaifuta vumbi, akaikabidhi.

"Kwangu ilikuwa sawa kabisa," anasema. "Aki, ilikuwa sawa kwa sababu ni mimi nilikuwa juu yake. Mimi breki yangu ya mbele ni mkono wa kulia tangu utoto."

Kosa limemfunukia leo Jumamosi, alfajiri, akielekea kazini kwa baiskeli yake aliyoiunga kwa mabaki ya karakana. Paka akakatiza mbele yake. Mkono wa kulia ukakamata breki ya mbele, baiskeli ikasimama, na hapohapo akautazama mkono wake. Akakumbuka alivyoipitisha mipira ya mafuta ya breki kwenye ile fremu ya Bi Rahila. Akakumbuka pia kwamba Jumamosi ni siku ya Bi Rahila na wenzake kuteremka Bustan.

Mwanamke aliyezoea kwamba kulia ni nyuma, kwenye mteremko ule wenye lami ya kuteleza, akishtuka atakamata kulia kwa nguvu zote, naye anadhani anajihami. Gurudumu la mbele litaganda, baiskeli itabinuka. Japheth hataki kuendelea kulielezea hilo.

Taa nyingine inapanda. Huyu ni kijana wa kundi la akina Rahila, jina lake Fajr, anahema na pua imemwiva kwa baridi. Japheth anamsimamisha.

"Bi Rahila yuko wapi?"

"Rahila? Alikuwa mbele yetu tangu Ruwi," Fajr anajibu. "Hamjamwona? Basi atakuwa keshashuka."

Anaondoka zake, na Japheth anaanza kupiga hesabu. Kama ameshashuka kabla yeye hajafika, basi sasa yuko chini, mzima au amelala pembezoni mwa barabara. Je, amfuate? Na kama bado yuko nyuma, ameingia mahali kununua maji, akija akute hakuna mtu hapa juu?

Anainyanyua baiskeli, anaweka mguu juu ya pedali. Anaushusha. Anaweka tena. Mtu mzima mwenye ndevu, na machozi yanamlengalenga wazi wazi.

Gari dogo la mizigo linapanda kutoka upande wa Bustan. Japheth anaruka katikati ya barabara na kulipungia. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga anamuuliza dereva kama ameona mwanamke ameanguka, mwanamke, baiskeli, huko chini. Dereva anatikisa kichwa. Hajaona. Lakini pia, anasema, hakuwa akitazama.

"Hakuwa akitazama!" Japheth anafoka gari likishaondoka. "Sasa barabarani mtu anatazamanga nini?"

Halafu anaomba. Haombi kwa sauti, lakini midomo inacheza, na neno "Baba" linasikika mara mbili tatu.

Anayekuja safari hii amevaa koti jekundu. Japheth hangoji kuhakikisha. Anasimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

"Ala! Japheth, una nini we?" Rahila anapaza sauti, akisimama kwa kukanyaga chini. "Wataka kunitia kiwewe? Nimepata pancha pale chini, nna haraka, wenzangu washanipita."

"Bi Rahila, shuka. Tafadhali shuka kwanza."

Anashuka. Japheth anaikamata baiskeli kwa mikono miwili, kama anayeogopa itatoroka, na anamweleza yote kwa pumzi moja: kulia, kushoto, mbele, nyuma, Busia, paka. Haachi kitu na hajitetei.

Rahila anaitazama mikono ya breki, kisha mteremko. Rangi inamtoka usoni.

"Astaghfirullah," anasema polepole. "Pale mzunguko wa Ruwi ilinirusha kidogo. Nkasema ndo breki mpya hizi, kali. Nkasema ntazizoea mteremkoni."

Kisha hofu inageuka hasira, na hasira ya Bi Rahila si ndogo. Anamwambia Japheth kwamba ana watoto watatu. Anamwambia kwamba mama yake mzazi hulala na dua kila akijua kesho mwanawe anapanda hilo dude. Japheth ameinamisha kichwa, anaitikia, "Ndiyo, Bi Rahila. Kweli, Bi Rahila."

Njia ya kurudi ni kuteremka pia, upande wa Wadi Kabir. Japheth anampa baiskeli yake, halafu anakumbuka: hata hiyo ni kulia mbele. Basi wanashuka kwa miguu, kila mmoja anakokota yake, na mpaka nusu ya njia Rahila hajaacha kusema.

Wakifika karakana, Japheth anamweleza Loai kabla hajagusa spana. Loai anasikiliza, anamwangalia Rahila, anarudi ofisini na kufunga mlango.

"Angenitukana ningejua niko wapi," Japheth ananong'ona. Hadi tunachapisha simulizi hii, bosi wake hajasema neno, si la kumfukuza wala la kumsamehe.

Anaifungua mipira, anaibadilisha, anajaza mafuta upya, anatoa hewa. Kazi ya asubuhi nzima. Ikiisha, haipandi. Anamwita mwenyewe. Rahila anazunguka uwanja wa mbele huku fundi anakimbia pembeni yake akipiga kelele, "Shtuka! Sasa shtuka!" na Rahila anakamata breki, anasimama, miguu chini.

Huo ndio utaratibu mpya anaotaka uanze kwake, kama ataachwa aendelee: mwenye baiskeli ataijaribu mwenyewe mbele ya fundi, na kabla ya hapo ataulizwa mkono anaoukimbilia akishtuka. Baiskeli yake pia ameigeuza breki ziwe kama za huku, kushoto mbele. Tangu hapo imeshamwangusha getini, goti limechunika, na anasema alistahili.

Rahila hajampelekea fundi mwingine baiskeli. Pia hajamsamehe. Amesema tu kwamba Jumamosi ijayo anateremka Bustan, mvua isiponyesha, na kwamba breki zikimfanyia visa tena atamwita Japheth majina ambayo hata Unguja hayajasikika.

Japheth ameshaomba ruhusa ya asubuhi hiyo. Hatapanda kilimani, anasema. Atakaa kule chini, mwisho wa mteremko.

"Nataka nimwone akifika," anasema. "Afike tu mzima. Hata akifika ananitukana, nitafurahi."