Msaragambo Ndani ya Ukungu

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana kweupe, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya tangawizi ya shangazi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, huku juu kwenye milima ya Same.

Nina shahada ya utalii na kipaji cha kuwaza mabaya. Wageni wetu wa kwanza walikuwa waje kesho yake. Kijiji chetu kina kanisa la mawe la zamani, matuta ya mawe ya enzi za mababu, na genge ambalo ukisimama juu yake unaiona tambarare yote mpaka Mkomazi. Lakini walichotaka hasa kuona ni ndiva, bwawa letu la kale. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani. Tatizo? Mvua ilikuwa imebomoa ukuta, maji yakawa yanapita tu. Dereva wa wageni alikuja kukagua njia, akachungulia, akacheka.

"Dogo, nilete watu kuangalia shimo? Nikilikuta hivi kesho, nawapeleka kijiji kingine, na huku siwaleti tena."

Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa msibani, ng'ambo ya bonde. Nikapanda ndivani peke yangu kufanya mazoezi ya maelezo nitakayowapa wageni, ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wa Upareni? Unanyoosha mkono, huuoni. Nikasikia pembe ikipulizwa, kisha majembe, kisha watu wakiimba.

Nikafurahi. Kumbe wamerudi, wameitisha msaragambo! Kwetu pembe ikilia, kila mtu anatoka kwenda kazi ya pamoja. Nikasogea. Wanaume kwa wanawake, wamejifunga ngozi, wanakanyaga udongo mwekundu na kupanga mawe. Nikawaza, labda ni maonyesho ya wageni? Mbona sikuambiwa? Wameniondoa kwenye kamati ya mapokezi?

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyeitikia marahaba. Walitazamana kama watu ambao hawajawahi kulisikia neno hilo. Niamini, hapo nilirudi hatua mbili nyuma.

Mwanamke mmoja mwenye tope mpaka magotini akanisemesha kwa Kipare kizito, kama cha marehemu bibi. "Wewe unayekuja kazi inaisha, ni wa nani?"

Nikataja ukoo wetu.

"Ehee! Hao kwa kuchelewa hawajambo!" Wakaangua kicheko wote.

"Samahani mama, nina haraka."

"Haraka? Basi beba jiwe dogo."

Ungefanya nini? Nikikimbia, si nitaangukia gengeni? Nikibaki, nitarudi nyumbani? Lakini kwetu mtu hapiti kwenye msaragambo bila kutia mkono. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikavua viatu. Nikakanyaga udongo, nikaziba nyufa kwa viganja, nikaimba nyimbo nisizozielewa. Na hofu ikaniacha. Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, sikuwa nawaza kitu.

Jiwe la mwisho lilipokaa, yule mwanamke akanisukuma begani. "Nenda ukale." Mkono wake ulikuwa wa baridi kama maji ya mfereji. Nilipogeuka kuaga, ukungu ulikuwa umefunguka. Hapakuwa na mtu.

"Msaragambo wa nani?" shangazi akashangaa jioni. "Sote tulikuwa makaburini!"

Asubuhi dereva akafika na wageni. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni! Ukuta mzima ulikuwa na alama za viganja, na vyangu vilikuwa katikati ya vingine. Dereva akavua kofia. "Dogo, mmeifanya saa ngapi hii?" Nilizibua maji, yakashuka kwa kishindo kuelekea mashamba ya tangawizi, mama zetu wakapiga vigelegele, na mimi nikaeleza historia ya kijiji kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Tangu hapo wageni hawajaacha kuja, na ukuta haujavuja hata tone. Ila udongo mwekundu umebaki kwenye kucha zangu. Nimesugua kwa sabuni, kwa mswaki, kwa ndimu. Hautoki.

Basi ukipanda milima hii, ukakuta watu kazini ndani ya ukungu, usitoe simu kuwapiga picha. Usipite. Nimewaza sana atakayepita atafanywa nini, na kila jibu ninalopata ni baya. Tia mkono mpaka wakuambie nenda. Na kabla hujaondoka, wape salamu zangu: maji yamefika mpaka bondeni.