Ng'ombe wa Halkano Ukutani Malindi

Leseni ya kwanza ya Josiah Dzombo ya kuchora mabango ilitolewa Garsen tarehe 9 Februari 1984, na bado anayo, ndani ya bahasha ya kaki. Kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyeshuka basi Garsen akitafuta chai, cherehani au nyama aliongozwa na mkono wake. Wateja wengi hawakujua kusoma, picha iliwatosha. Leo yamebaki mabango mawili. Kwingine kumefungwa turubai za plastiki zilizochapishwa mjini.

Jumanne iliyopita Josiah, ambaye sasa ana miaka sitini na saba, alikwenda Malindi. Binti yake Christine, anayefanya kazi hotelini huko, alikuwa amempigia simu: bango la bucha ya marehemu Farah limetundikwa katika duka la sanaa la watalii, na chini yake kuna kadi iliyoandikwa "Msanii hajulikani". Limeshauzwa, na mnunuzi atalichukua Ijumaa. Josiah alitaka jambo moja tu: jina lake liandikwe kabla bango halijaondoka.

Duka lina kuta nyeupe na harufu ya vanishi. Bango, bati lenye ng'ombe mwekundu, limepewa ukuta mzima. Josiah alivua kofia, akasimama mbele yake kwa muda.

"Farah alikuwa akiliosha kila Alhamisi kwa sabuni," alisema. "Watu wa basi la Lamu walikuwa wakilipungia mkono."

Ruwaida, msimamizi wa duka, alimletea kiti. "Shikamoo, baba. Uniwie radhi, lakini watu huja wakadai vitu. Mwezi uliopita walikuja wawili wakidai mlango mmoja, na kila mmoja ati aliuchonga peke yake."

"Marahaba. Mimi sina mwenzangu, mwanangu. Tazama sikio la kushoto."

Akamsimulia. Mwaka 1987 alikaa mnadani Garsen, akachora ng'ombe mwekundu aliyekuwa karibu naye, hadi mikato miwili ya sikioni. Josiah ni mtoto wa wakulima wa Kigiriama. Kwake mkato ulikuwa mkato. Kwa wafugaji, mkato hutaja mwenye ng'ombe. Wiki hiyohiyo Halkano, mfugaji wa Kiorma, alikuwa amepotelewa na ng'ombe mwekundu. Bango lilipotundikwa, aliingia buchani na ndugu zake wawili, fimbo mabegani.

"Farah, hii ng'ombe yangu. Nani nakuuzia?"

"Hiyo ni picha, Halkano."

"Picha naona. Ng'ombe yenyewe iko wapi?"

Josiah aliitwa mbiombio aifute alama. Rangi ya kwanza ilikuwa imekwisha, akatumia iliyokuwepo, iliyokoza kidogo. Alipanda ngazi akaziba mikato, Halkano akimsimamia chini.

"Bado! Alama iko."

"Na jicho nibadilishe?"

"Jicho wacha. Jicho ya ng'ombe yote ni moja."

Siku ya tatu ng'ombe alionekana ng'ambo ya mto, mzima, akila mahindi ya mtu. Tangu hapo, kila Halkano alipompita Josiah barabarani alimwita, "Mwizi yangu! Leo unachora ya nani?" Alimwita hivyo hadi mwaka aliofariki. Josiah anasema hajapata kuitwa jina lililompendeza zaidi.

Ruwaida aliwasha tochi ya simu, akaiweka ubavuni mwa bati. Sikioni palijitokeza kiraka kilichokoza kidogo, na chini yake kingo za mikato miwili. Akapitisha kidole juu yake, akacheka.

Kisha akaizima tochi. "Baba, kuna tatizo. Mnunuzi amelipendea hivyo, kwamba aliyelichora hajulikani. Ataniambia nimeharibu biashara."

"Nilichora kila duka la mtaa ule," Josiah alisema. "Karibu yote yamevunjwa au yametupwa. Hili likienda bila jina, nitawaonyesha nini wajukuu? Leseni?"

Ruwaida alisogea ukutani. Alibandua kadi ya zamani, akachukua nyingine na kalamu. "Dzombo, kwa dz?"

"Kwa dz. Na Garsen uiandike."

Aliandika: Josiah Dzombo, Garsen, 1987. Josiah aliisoma mara mbili, akavaa kofia, akaenda kituoni.

Ruwaida alipanga kumpigia simu mnunuzi kesho yake asubuhi na kumwambia jina limeshaandikwa. Asipolitaka bango hivyo, angemrudishia pesa zake.