Mgeni wa Miaka Miwili na Nusu

Watoto wote wanaoletwa kwa Mama Misumari hulia siku ya kwanza. Wapo wa kujitupa chini na kupiga mateke, wapo wa kumng'ang'ania mama mguu mpaka kiatu kimvuke. Mmoja alilia hadi akatapikia suruali ya baba yake, na baba wa watu akaenda ofisini hivyo hivyo, ananuka maziwa. Mama Misumari hababaiki. Kilio cha mtoto anakijua kama mwashi anavyoujua mchanga: hiki cha njaa, hiki cha usingizi, hiki cha kumwomba mama asiende, hiki cha ujeuri tu.

Huyu hakulia.

Aliletwa Jumatatu asubuhi na shangazi yake, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyefanya kazi kiwanda cha mikate na ambaye hata akioga vipi, unga haukumtoka kwenye nyusi. Mtoto aliposhushwa alisimama pale pale alipowekwa. Akaonyeshwa mkeka, akakaa, miguu pamoja, mikono mapajani. Akapewa maziwa kwenye kikombe cha kijani. Alikunywa yote, akasema "asante," akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Umeona, mama?" shangazi alisema, amejaa fahari. "Huyu hana usumbufu. Umwache kwa nani, halii. Hapa kwangu ni nyumba ya tano tangu azaliwe, na kote wamemsifu."

"Ya tano."

"Mama yake yuko mbali, kikazi. Na kaka yangu, yaani baba yake, ndiyo hivyo tena. Alikaa kwa shangazi mkubwa, akakaa kwa mke wa mjomba, halafu..."

"Basi, mwanangu. Nimesikia."

Mama Misumari alimtazama tena mtoto. Miaka miwili na nusu, amekaa kama mgeni aliyekuja kuposa. Tangu saa hiyo akamwita Mgeni.

"Haya, acha kitu chako," alimwambia shangazi.

Hapo ndipo jina la Mama Misumari lilipotoka. Ukutani mwa chumba kile cha mbele alichopanga, juu ya poti sita zilizopangwa kwa mstari, kulikuwa na misumari saba kwa usawa wa macho ya mtoto. Aliigonga mwenyewe, akaikunja vichwa kuelekea juu ili isimchome mtu. Kila mtoto alikuwa na wake. Anayemleta mtoto ilikuwa lazima aning'inize kitu chake hapo, kisha aage kwa mdomo, mtoto akimsikia na akimwona anavyoondoka. Kumtoroka mtoto akiwa amezama kwenye mchezo ilikuwa marufuku. Wapo waliokasirika. Mhasibu mmoja aliwahi kumuuliza, "Sasa si ndiyo unamliza makusudi?" naye akamjibu, "Alie, lakini ajue. Ukimtoroka leo, kesho hatacheza. Kutwa atakuwa analinda mlango."

Shangazi alitoa mfuko wa nailoni mkobani, akautundika.

"Huo hata wewe hutaurudia," Mama Misumari alisema. "Acha kitu utakachokihitaji."

"Mama, nachelewa."

"Ndiyo maana uharakishe."

Msichana alijipapasa, akaona hana la kuacha ila kitambaa cha kichwa. Akakifungua. Chini yake nywele zilikuwa zimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama imeona jambo.

"Nitapitaje barabarani hivi?"

"Utapita haraka."

Akaaga kama alivyofundishwa: naenda kazini, jioni nitarudi, kitambaa changu hiki hapa. Mgeni hakukitazama kitambaa wala hakuutazama mlango. Nje ilisikika sauti ya fundi viatu, jirani aliyekaa na kiti chake chini ya dirisha na ambaye hakuwahi kuacha mtu apite bure.

"Binti, nywele hizo umeamulia ugomvi wa nani?"

Watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mgeni hakucheka.

Mama Misumari alikuwa hajawahi kumwona mtoto yule, lakini alimjua. Yeye mwenyewe aliachwa kwa ndugu akiwa na miaka mitatu. Mama yake alimwambia, "Cheza, naenda dukani," akacheza. Jioni ilifika, akaendelea kucheza ili mama akirudi amkute anacheza kama alivyoambiwa. Baada ya hapo alipita nyumba nne, na kote alisifiwa: mtoto mtulivu, mtoto wa kupigiwa mfano. Alisifiwa mpaka akaamini kwamba kutomhitaji mtu ndiyo adabu.

Na adabu hiyo aliingia nayo kwenye ndoa. Miaka kumi na tisa aliishi na mwanamume ambaye nyumba yake aliijenga kwa kichwa chake, tofali kwa tofali, maji kwa ndoo. Hakuzaa, na hilo aliambiwa kila lilipokosekana la kuzungumza. Siku yule bwana alipomleta mke mpya, tena kwa mlango wa mbele, yeye alifunga mizigo miwili na beseni akatoka macho makavu. Bwana akawaambia majirani, "Mmeona? Hata chozi. Angekuwa ananipenda, si angelia?" Na majirani waliokula chakula chake miaka yote hiyo wakakubaliana naye. Mpaka leo maneno hayo akiyakumbuka akiwa anakata kitunguu, kitunguu kinaipata.

Lakini angekuwa na hayo tu, asingejua kulea hata paka. Katika nyumba ya tatu kati ya zile nne, uani, alikuwapo mfua nguo. Mwanamke mnene, mwenye vidole vyeupe kwa maji. Kila alipotaka kwenda bombani alimpa yule mtoto mtulivu kipande chake cha sabuni na kumwambia, "Nishikie. Bila sabuni mimi si kitu, kwa hiyo lazima nirudi." Na alirudi. Miaka miwili alikwenda bombani na kurudi, mara sita, mara nane kwa siku, na hakukosa hata mara moja. Mtoto akaanza kumngoja, kisha akaanza kumkasirikia akichelewa, kisha siku moja akamlilia. Kilikuwa kilio chake cha kwanza katika muda mrefu, na yule mfua nguo alimbeba kwa mikono yake yenye maji akamwambia, "Nilijua umo humo ndani." Misumari yote ile ukutani ilitoka kwenye sabuni hiyo.

Basi kwa Mgeni alianza na sabuni. Alikata kipande cha mche, akamwekea mkononi. "Naenda nje kuanika. Nishikie, nakuja." Alianika nguo mbili akarudi. Sabuni ilikuwa imewekwa sakafuni, imenyooka, na Mgeni amekaa mikono mapajani. Alirudia baada ya saa moja. Alirudia kesho yake. Fundi viatu alimhesabia.

"Jirani, leo umetoka mara tisa kuanika soksi moja."

"Hiyo soksi ni mbishi."

Siku ya sita sabuni haikuwekwa chini. Siku ya nane ilikuwa na alama za meno. Siku ya kumi Mama Misumari alisimama nje kidogo zaidi, akibishana na fundi kuhusu kamba ya ndala, na alipogeuka alimkuta Mgeni amesimama kizingitini, sabuni kaikumbatia kwa mikono miwili, amekunja uso.

"Nimechelewa?" alimuuliza.

Mgeni alimpa sabuni kwa kumsukumizia tumboni.

Na wiki iliyofuata, mtoto wa mhasibu alipopanda kwenye mapaja ya Mama Misumari kama alivyozoea, Mgeni aliinuka mkekani, akatembea polepole mpaka pale, akamng'ata mwenzake mkono.

Jioni shangazi alipoambiwa, alishika kichwa. "Samahani sana, mama. Sijui kapatwa na nini, hajawahi kufanya hivi."

"Ndiyo maana nafurahi."

"Unafurahi?"

"Mtoto hamng'ati mwenzake kwa ajili ya mtu asiyemtaka. Aliyeng'atwa nimempaka dawa, na huyu nimemwambia hatung'ati watu. Lakini nimefurahi, sikufichi."

Shangazi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. Kisha akasema alilokuja nalo. Kiwandani wamembadilishia zamu: kuanzia Jumatatu ataingia saa kumi na mbili kasoro alfajiri. Hana wa kumwachia mtoto. Amepiga simu kwa mama yake mzazi, bibi wa mtoto, naye amekubali. Jumamosi kijana mmoja anasafiri kwenda huko, atampeleka.

"Nyumba ya sita," Mama Misumari alisema.

"Nifanyeje?"

"Mlete hapa saa kumi na moja. Mimi saa hiyo nimeshaamka, nagombana na jiko."

"Hapana, mama, hiyo ni kukuonea. Na usijali, atazoea. Si unamwona? Hata halii."

Hata halii. Mama Misumari aliyasikia maneno hayo kwa sauti ya mtu mwingine, kwenye mlango mwingine, na mkono uliokuwa unakunja mkeka ukasimama. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba asiyelia si kwamba haumii, amechoka tu kulia mahali pasipo na wa kumsikia. Alitaka kusema kwamba mtoto ana mwaka mmoja au miwili ya kujifunza kwamba watu hurudi, na akiikosa ataitafuta ukubwani kwa shida, kwa watu wasiostahili. Lakini hakuwahi kukaa darasani, na maneno yalimjia yote kwa pamoja yakaziba mlango. Akasema moja tu.

"Usiondoke naye bila kumwambia. Mwambie mwenyewe."

Ijumaa, siku ya mwisho, shangazi alikuja mbio, kachelewa. Alimshusha mtoto, akachuchumaa, akamwambia kama alivyoagizwa: kesho utakwenda kwa bibi, kwa bibi kuna mbuzi, shangazi atabaki hapa kazini. Mgeni alisikiliza kwa adabu. Shangazi akambusu, akasimama, akatoka. Kitambaa alikuwa nacho kichwani.

"Hukutundika," Mama Misumari alimwambia mlangoni.

"Leo ya mwisho, mama. Ya nini tena?"

Angeweza kumrudisha. Hakumrudisha, kwa sababu alipogeuka alimwona Mgeni amesimama mbele ya msumari wake. Mtoto aliugusa kwa kidole. Akapapasa ukuta chini yake, akainama akatazama sakafuni nyuma ya poti, labda kitambaa kimeanguka. Hakipo. Akautazama mlango.

Sauti iliyotoka mwanzoni haikufanana na kilio. Ilikuwa kama mlango uliokaa miaka bila mafuta. Kisha ikafunguka. Watoto wengine sita walinyamaza kwa heshima. Mgeni alilia kwa mwili mzima, akajitupa chini, akapiga mateke, poti mbili zikaviringika hadi mlangoni. "Angazi!" alilia. "Angazi yangu!"

Shangazi alikuwa amefika kwenye kiti cha fundi viatu. Fundi aliinua macho kutoka kwenye soli. "Binti," alisema, na mara hii hakutania, "huyo anakuita wewe."

Alirudi mbio. "Ameumia wapi?"

"Hajaumia popote. Anakulilia."

"Mimi?"

"Sasa nani? Mimi nipo hapa."

Msichana wa mikate alikaa sakafuni na sketi yake ya kazini. Mtoto alimpanda kifuani, akampiga kofi la begani, kisha akashika kitambaa kwa mikono miwili akakivuta mpaka kikatoka. Hakukipeleka msumarini. Alijiziba nacho uso akaendelea kulia humo.

"Mama," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunililia."

"Basi umeanza."

"Nilidhani kwake mtu yeyote ni sawa. Nilidhani mimi ni wa kupita tu, kama wale wengine."

"Naye alidhani hivyo hivyo."

Shangazi alifuta pua kwa mkono, unga wa nyusi ukashuka shavuni. Kisha akauliza, "Ile saa kumi na moja uliyosema, ulisema kweli?"

"Nimewahi kukutania? Mlete hata akiwa amelala, mlaze pale kwenye godoro langu. Ila umwamshe umuage. Hata kama atakasirika."

"Atakasirika sana."

"Inshallah."

Wakacheka wote wawili. Shangazi alipiga simu pale pale, akamwambia mama yake kwamba mtoto haji. Kisha akasimama, akakitundika kitambaa msumarini, akamwambia Mgeni kwamba anakwenda kazini, jioni atarudi, kitambaa ni hicho. Mgeni alilia tena, lakini sasa akiwa juu ya nyonga ya Mama Misumari, na kilio kilikuwa cha kawaida kabisa, cha kumwomba mtu asiende. Mama Misumari angeweza kukitambua hata usingizini. Kilikwisha kabla chai haijachemka.

Jioni shangazi aliporudi hakukimbiliwa. Mgeni alimpa mgongo. Alikaa hivyo, amenuna, mpaka shangazi akamaliza kuomba radhi mara tatu, ndipo akaenda msumarini, akakichomoa kitambaa, akaja kumtupia mapajani.

Jumatatu, giza halijaondoka vizuri, waliingia wote wawili, mmoja ananukia mikate ya juzi na mwingine usingizi. Shangazi alileta mikate mitatu iliyoungua pembeni, ile isiyouzwa. Aliaga, akaliliwa kidogo, akaenda zake barabarani nywele nje, kichwa juu.

Mama Misumari alimimina maziwa kwenye kikombe cha kijani. Mgeni alikaa mkekani, miguu huku na huku, kitambaa cha shangazi kimemzunguka shingo. Alikunywa mpaka chini. Hakusema asante, wala hakukirudisha kikombe kwa mikono miwili. Alikisukuma mbele, kikaanguka, kikaviringika.

"Tena," alisema.

Mama Misumari akakiokota, akamimina tena.