Kisu Kilichoonja Mafuta

Saa mbili asubuhi mjini Zanjan, Iran, theluji imefunika nusu ya dirisha la karakana, na Monavvar Bayat anasikiliza kisu. Anakifungua kwa dole gumba. Tak! Anageuza mgongo wa bapa na kuupiga kwa nguvu kwenye gogo. Kisu hakijikunji. Anapiga tena.

"Kisu cha kukunja kina adui mmoja," anasema bila kuinua macho. "Vidole vya mwenyewe."

Visu vyake si vya kumenyea matango. Bapa ni nene, na ncha imeachiwa unene wa kutosha isije ikakatika ikichokoa barafu. Mpini umekwaruzwa usiteleze mkono ukilowa. Bapa lina tundu pana, aliyevaa glavu akifungue kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kamba. Ndani ya mpini mna ulimi wa chuma unaoruka na kukaa nyuma ya bapa. Huo ndio unaokizuia kisijifunge. Wanunuzi ni wachungaji, madereva wa malori na waokoaji wa milimani.

Kazi alifundishwa na baba mkwe wake, fundi wa visu aitwaye Usta Qanbar, mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka. Sokoni walimcheka. "Usta, mkweo akishika nyundo, mkate atapika nani?"

"Njoo upike wewe," mzee akawajibu, "maana visu vyako hata huo mkate havikati."

Lakini majira ya baridi yaliyopita, mchungaji mmoja, Nurali, alikuja na mkono uliofungwa kitambaa. Hakugomba. Alikiweka kisu mezani tu. Alikuwa akikata kamba iliyoganda, kisu kikajifunga vidoleni mwake. Kidole chake cha shahada hakipindi hadi leo.

"Nilisikia tak, dada," alimwambia. "Nikakiamini."

Monavvar alikijaribu kando ya jiko, kikashika vizuri kabisa. Akakiacha nje kwenye theluji, kisha akakifungua upya. Ndipo alipoona: pale ulimi unapokaa palikuwa na mafuta yaliyoganda, meupe kama mshumaa. Ulimi ulikuwa umelia, ila umepanda juu ya mafuta. Haukukaa.

Alijua yalikotoka. Katika nyumba ile kisu kipya hakitoki bila kuonja mafuta ya mkia wa kondoo. Usta Qanbar hukipaka kwa kidole, huku akimwombea mnunuzi shibe. Babu yake alifanya hivyo, lakini visu vya babu havikuwa na ulimi. Mafuta yalizuia kutu, basi.

Tangu siku hiyo Monavvar alinyamaza. Kila kisu mzee alichopaka, yeye alikisafisha kwa siri kwa petroli. "Ningemwambiaje?" anauliza. "Amebakiwa na kazi hiyo moja tu."

Kilichomfungua mdomo ni mwanawe. Sahand amejiunga na waokoaji, na jana babu yake alimkabidhi kisu cha safari, tayari kimepakwa. Mtu anaweza kufukia jambo la wengine. La mwanawe humuunguza mkononi.

Asubuhi hii anakitoa kisu hicho kwenye theluji alikokilaza usiku na kumpa mzee.

"Kijaribu, Baba. Vidole viwe mbali."

"Bibi arusi," anasema Usta, ambaye hajaacha kumwita hivyo ingawa kichwa cha mkwewe kina mvi, "unapima kisu au unanipima mimi?"

"Kipige tu."

Mzee anapiga. Kisu kinajikunja papo hapo.

Anakisogeza machoni, anaona weupe ule.

"Haya ndiyo yaliyomuumiza Nurali?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukaniacha nikaendelea kupaka?"

"Nilikuwa nafuta."

"Kumbe!" Mzee anacheka, lakini uso haucheki. "Mimi napaka, wewe unafuta. Haya, angalau hatukukaa bure." Kisha anaomba kitambaa na petroli. Anakisafisha mwenyewe kisu cha mjukuu wake, polepole kwa ile mikono inayotetemeka, na hataki kusaidiwa.

Sasa Monavvar anataka kutoboa kidirisha kwenye kila mpini, mwenye kisu auone ulimi umekaa wapi, asitegemee sikio. Na ana neno kwa wazazi: "Ukimpa mwanao kisu cha kukunja, usikijaribu kando ya jiko. Kijaribu kwenye baridi aendako. Na penye ulimi pawe pakavu. Usimwonee mtu haya kwa jambo hili, hata akiwa mzee wako. Mimi niliona haya, na ni bahati tu hakuumia mwingine kwa visu vilivyokwisha kuuzwa."

Barabara ya vilimani ikifunguliwa watakwenda kwa Nurali. Kisu kipya kimeshafungwa kwenye kitambaa, na Monavvar anaomba tu mchungaji akubali kukishika. Usta Qanbar ameshavaa koti, ingawa theluji bado inaanguka.

"Kisu utampa wewe," anamwambia mkwewe. "Maneno ni yangu."