Saa ya Mwingereza

Juzi mwanangu anayesoma Uingereza alinipeleka kula samaki kwenye baa moja kongwe. Ukutani nikaiona ile saa, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo Maskati, baba alikuwa fundi wa mapanka ya umeme, yale mafeni ya darini. Alasiri moja nilifuatana naye kwa Mwingereza aliyekigeuza chumba chake kuwa baa ya kwao: mabenchi ya mbao nyeusi, harufu ya nta na ya kitu kichachu. Ukutani palikuwa na duara lenye nambari, juu kabisa ishirini, kisha moja, kisha kumi na nane. Sikuona ajabu. Nyumbani tulihesabu saa za Kiswahili, sokoni za Kiarabu zinazoanzia magharibi. Basi na Waingereza wana zao. Vishale vilivyochomwa juu yake ndivyo vilivyonishinda.

"Baba, hapo saa ngapi?"

Baba aliutazama ule ubao wa kutupia vishale, akazitazama chupa mezani. "Saa ya kwenda zetu, mwanangu, kabla lango la mji halijafungwa kwa usiku."

Nilimwamini.

Juzi, kabla hatujamaliza samaki, mwenye baa alipiga kengele, akatangaza kuwa wakati umekwisha, na watu wote wakainuka kwenda makwao. Kumbe baba aliisoma sawasawa.